Vidole Viwili

Dukani kwa Wasyl, Gimli, katikati ya Januari,
hita zimejipanga rafuni kama wachumba,
kila moja na sifa zake kifuani:
hii hupasha ukumbi, hii karakana nzima,
hii ina feni, ina rimoti,
ina picha ya mwanamume kavaa fulana, anacheka,
juu ya ziwa ambalo ni wazi halijawahi kumng'ata.

"Kibanda chako kikubwaje?"
Nanyoosha mikono. Naikunja kidogo.
Futi sita kwa sita, turubai jekundu,
viti viwili, ndoo, matundu mawili kwenye barafu.
"Basi hiyo kubwa iache. Utavua nguo
badala ya kuvua samaki,
na ukitoka nje jasho litageuka bati mgongoni."

Miaka kumi na minne nimevua bila moto.
Nilikuwa na soksi mbili mbili, chupa ya kahawa,
na kiburi, ambacho nacho kina joto lake
ingawa halifiki vidoleni.
Lakini safari hii Lilja anakuja.
Ana miaka tisa. Ameshauliza
kama samaki husikia baridi,
nami nimeshajibu sijui, mara tatu.

Ya mafuta ya taa naijua harufu yake:
itaingia kwenye mkate, kwenye nywele za mtoto,
mama yake ataisikia kabla hatujabisha hodi.
Ya umeme. Wasyl anacheka peke yake.
Hii ya mtungi mkubwa nainyanyua, nairudisha;
nani ataikokota kilomita mbili za upepo?

Kisha nauliza lililonileta.
"Ipi hujizima?"

Haulizi kwa nini. Mji ni mdogo.
Naye alikuwapo Machi ile, tulipofungua zipu
tukamkuta Arni kaegemea kiti, mashavu mekundu,
kofia magotini, kama mtu aliyeshiba.
Hita yake ilikuwa ingali inawaka.
Kila upenyo alikuwa ameuziba kwa theluji, akashindilia,
maana Arni hakuwahi kufanya kazi nusunusu.
Mshipi ulikuwa unacheza. Kulikuwa na samaki.
Nani alimtoa yule samaki, sikumbuki.
Labda mimi.

"Hii," anasema Wasyl.
Ndogo, mfano wa redio ya zamani.
Ikikosa hewa inazimika. Ikipinduka inazimika.
"Lakini usiiamini peke yake. Na uiweke juu ya ubao,
la sivyo itakuchimbia shimo la tatu."
Anaweka kando yake kijisanduku cheupe,
kile cha kupiga kelele hewa ikichafuka.
Natoa pochi. Anahesabu ya hita tu,
kijisanduku anakisukuma kwangu bila kunitazama.

Jumamosi, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Hita inanguruma kwa adabu.
Joto linapanda kichwani kama cheo,
huku miguuni hakuna habari.
Glavu zinaning'inia, zinadondosha matone
juu ya sandwichi, juu ya ramani, juu ya pua yangu.

"Baba, dirisha liko wazi."
"Najua."
"Baridi inaingia."
"Iache. Tumeialika."

Nimempa kazi: kila robo saa
apime upenyo wa pazia la dirisha,
vidole viwili, visipungue.
Anaifanya kwa bidii kuliko uvuvi wenyewe.
Anavua glavu kwa meno, anaingiza vidole,
anatangaza kama karani wa forodhani:
"Viwili!"

Vidole vyake ni vyembamba kama penseli.
Akishageukia shimo lake na kuinama,
kitako juu, akimtafuta samaki gizani,
nanyoosha mkono kimya kimya,
nasogeza pazia kidogo,
napima upya kwa vyangu.